Uchoyo Niliokusingizia

Kasingirima, Ujiji,
Kigoma.
9 Juni 2024

Mpendwa kaka Leodgar,

Shikamoo. Baridi ya huko Makete unaionaje, na kifua chako? Wanafunzi wako hawajambo? Sisi tu wazima, ila magoti yanamsumbua mama akitoka kanisani. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningeanza kulia ukadhani kuna msiba.

Kaka, wazazi wa Lyse wamekataa posa yako. Mshenga wetu ameambiwa ukoo hauna ubaya, ila binti yao hawezi kwenda kuteseka kwa mtu mchoyo. Mimi ndiye ninayejua uchoyo huo ulitoka wapi, na roho inanisuta.

Tangu baba afariki, ghala la mawese naliendesha mimi. Nikikataa kupunguza bei kwa kauli yangu, naambiwa, "Mwite mwenye mali, wewe mtoto wa kike." Basi nikaanza kutoka nje na simu sikioni, nikirudi nasema, "Kaka amekataa." Wanaondoka bila kelele. Simu yenyewe sijampigia mtu.

Umewakatalia wajane, kaka. Umemkatalia hata katekista. Nikanogewa, nikawa nakuongezea na ukali, eti umenifokea. Mzee Gervasi, baba yake Lyse, naye alikuja kutaka bei ya undugu kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe. Nikatoka na simu, nikarudi na jibu lako. Hapo sikujua kama umemtupia jicho binti yake.

Jana nilijikaza nikaenda kwake. Nilipiga magoti nikamweleza yote, kwamba wewe hujui lolote, ni mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniinua.

"Mama Bariki, una moyo," akasema. "Kumbebea kaka yako lawama namna hii! Lakini mwanamke gani anaweza kuwakatalia watu wazima vile?"

Mkewe akanifungia migebuka ya kitoweo. Nimerudi nayo nikiona haya, na kuila kumenishinda.

Mama anakusalimu, na shangazi Consolate pia. Bariki anauliza mjomba atakuja lini. Mungu akulinde na baridi hiyo, na akupe moyo wa kunisamehe.

Likizo ikianza njoo, kaka. Mwambie Mzee Gervasi wewe mwenyewe kwamba aliyemkatalia ni mimi. Wewe atakuamini.

Mdogo wako anayekupenda, ingawa amekuharibia,
Eufrasia