Gunia Sabini za Lumbesa

Baba Zuhura,

Nimechoka kulitazama lori lako. Liko pale pale ulipoliacha, nyuma ya nyumba yetu hapa Bungu, limekaa juu ya magogo, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Kila anayepita ananiuliza kama umepata injini. Nimjibu nini?

Unakumbuka siku ulipolileta? Serikali ilikuwa imetoa ruksa ya biashara, kila mwenye uwezo anasomba mpunga kupeleka Dar, ukaniketisha mbele ukanitembeza mpaka Mkongo. "Tani saba hizi, mke wangu. Dizeli linanusa tu, halinywi." Nilicheka kwa raha siku ile.

Kumbe lilikunywa. Ulilaumu pampu, ukalaumu nozeli, ukawalaumu wauza dizeli kwamba wanachanganya maji. Kila mteremko unaweka frii, lori linajishukia bila gia, ili ubane mafuta, mimi kando yako nimeshika mlango, roho mkononi. Ila yale magunia hukutaka kuyatazama. Lumbesa tupu! Gunia limejaa, limeongezwa kichuguu juu, limeshonwa kwa kamba, na bado linahesabiwa moja. Sabini za namna hiyo si tani saba, zinazidi mno, Baba Zuhura. Nilikwambia pale pale Mkongo tulipokuwa tunapakia, mbele ya wapakiaji.

"Gunia ni gunia," ukasema. "Nikimwambia mwenye mpunga apunguze, kesho mzigo kampa mwenzangu."

Na kweli angempa, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Malori yalikuwa yameongezeka, kila mwenye lori anamwogopa mwenzake, na mwenye mpunga anatabasamu tu. Safari nzima moshi mweusi, faida yote inaishia kwenye tangi, mpaka injini ikanoki, ikafa kabisa, kwenye kile kilima cha mchanga, mzigo ukiwa juu.

Lori likavutwa mpaka hapa nyumbani, nawe ukapanda basi kwenda Dar kutafuta injini kuukuu. Ulituma salamu kwa kondakta mara moja, kisha kimya. Juzi mwalimu mmoja wa Mchukwi kaniambia alikuona Kariakoo unasukuma mkokoteni. Alipokuita, ukageuza uso.

Hilo limeniuma kuliko lori. Na mwanao Zuhura ameanza kusema "baba alikuwa anapenda hiki, baba alikuwa anapenda kile." Alikuwa! Nilimkaripia, kisha nikajifungia chumbani nikalia.

Lori nitamwuzia mnunua vyuma chakavu akipita. Ukikasirika, njoo ukasirikie hapa. Injini siitaki tena. Njoo mikono mitupu, na hiyo aibu yako njoo nayo. Nitakusema, sikufichi, nitakusema mpaka majirani wasikie. Lakini nitakusema ukiwa umekaa mkekani, unakula.

Mkeo,
Mama Zuhura