Maji Yanayopita Nyuma ya Nyumba

Muleba, 6 Machi 1977

Mwanangu Adventina,

Nakusalimu. Natumaini u mzima, na kwamba paa la hospitali yenu ya Bukoba halivuji tena. Huku sote tu wazima, yaani mimi na mbuzi.

Nina ombi. Tangu Januari, kila jioni jua linapozama, nasikia mtu akipita nyuma ya nyumba amebeba maji. Nasikia maji yakigonga ndani ya kibuyu. Hatua zinaanzia jikoni, zinapita chini ya dirisha langu, zinavuka kibanja, shamba letu la migomba, na kuelekea rweya, ile nyika ya majani isiyo na mgomba hata mmoja. Nikitoka, hakuna mtu. Baada ya hapo usingizi hauji.

Nilimweleza jirani yetu Ildefons. Akasema, "Mwalimu, miaka thelathini umetufundisha kwamba mizimu ni upuuzi. Leo unataka nikusaidie kuutafuta upuuzi?" Alicheka mpaka akakohoa.

Siamini mizimu. Naamini kwamba masikio yangu yamechoka. Nitumie vidonge vya usingizi, na usiniulize maswali unayowauliza wagonjwa wako. Nimesikia kwamba unaketi nao mkekani na kuwasikiliza saa nzima. Serikali haikukusomesha uuguzi wa magonjwa ya akili Dodoma miaka mitatu ili ukakae mkekani.

Ni mimi,
Tata

*

Kibeta, Bukoba, 15 Machi 1977

Tata waitu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwamba mbuzi ni mzima. Mimi pia sijambo, na paa bado linavuja.

Vidonge hivi hapa. Meza kimoja baada ya chakula cha jioni. Vitautuliza mwili, na mwili una haki ya kutulizwa. Lakini mtu si mwili peke yake, ndiyo maana nina mkeka.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kaagya aliletwa amefungwa kamba. Kwanza nilimfungua. Nikampa dawa. Nikamsikiliza wiki nne. Kisha nikamwita shangazi yake, afanye wanayoyafanya kwao, na padre akaja kumwombea. Alipopona, wenzangu waliniuliza ni kipi kilichomponya. Sikujua, wala sikuona aibu kutojua. Simfungi mtu. Simwamulii mtu. Simwambii mtu kwamba anachokisikia hakipo.

Hayo sikuyajifunza Dodoma. Niliyajifunza nyumbani, nilipokuja likizo mwaka jana, nikasimama nje ya mlango wa Mama. Alikuwa akiniomba nimfungulie kwa kuwa jua linazama. Komeo lilikuwa upande wangu. Sikulifungua, kwa sababu ulikuwa umekataza. Septemba akafa.

Nitakuuliza mara moja tu, Tata. Mama alikuwa akitaka kwenda wapi? Na mbona tangu tumzike kaka Datius hujaliandika jina lake katika barua yako hata moja?

Mwanao,
Adventina

*

Muleba, 24 Machi 1977

Adventina,

Salamu. Vidonge nimevipata.

Barua yako nimeisahihisha kwa wino mwekundu, nami nairudisha. Makosa ni manne. La tano si la lugha: nilikuomba vidonge, ukaniletea maswali.

Mama yako alikuwa mgonjwa. Alizurura. Nilimfungia ili asipotee.

Kuhusu kaka yako, unajua vizuri. Nilikuwa katibu wa kijiji kipya cha ujamaa kule rweya. Nilisimama mbele ya watu waliokuwa wakilia kwa kuacha vibanja vyao, nikasema kwamba kule ndiko kwetu sasa. Jina la mwanangu nililiandika la kwanza katika orodha. Homa ilipomuua, kama ningembeba na kumrudisha kibanjani, kwenye makaburi ya babu zake, nani angeniamini tena? Wazee wetu walisema kwamba rweya huzikwa asiye na kwao. Nilitaka kuukomesha usemi huo. Nikamzika kule, wala sikuweka alama, ili kaburi la mtoto wa katibu lisipite la mtu mwingine.

Usiniandikie tena juu ya jambo hili.

Baba yako

*

Kibeta, 10 Juni 1977

Tata waitu,

Shikamoo. Barua zangu tatu hazijajibiwa, nami sikuandikii kukuuliza kitu. Nataka ujue tu kwamba kila Jumamosi niko nyumbani. Mkeka umetandikwa, na mlango wangu hauna komeo kwa nje.

Unakula?

Mwanao,
Adventina

*

Muleba, 21 Agosti 1977

Mwanangu Adventina,

Nakusalimu kwa upendo. Nakula. Kiangazi ni kikali, lakini tunakivumilia.

Wiki mbili zilizopita, maji yalipopita, sikutoka kuyafukuza kama kawaida yangu. Nilitoka nikayafuata. Ildefons aliniona akaja nyuma yangu na panga, akinung'unika, "Mwalimu akipotea, watasema ni mimi niliyempoteza." Hatukumwona mtu. Lakini katika majani ya rweya palikuwa na njia nyembamba, ya mguu mmoja. Tuliifuata mpaka kile kijiji cha ujamaa. Unajua kwamba watu wote walikwisha kurudi kwenye vibanja vyao. Nyumba zimeanguka. Makaburi yalikuwa yamefunikwa na majani, nami, baba yake, sikuweza kusema mwanangu yuko wapi.

Ildefons ndiye aliyeuona. Ulikuwa omulamula, ule mti tunaoupanda makaburini, umefika kifuani pangu, nao ulikuwa kitu pekee kibichi katika nyika yote ile. Chini yake palikuwa na kibuyu kilichopasuka.

"Huu haukujipanda, Mwalimu," alisema. Safari hii hakucheka.

Mama yako hakuwa akizurura. Alikuwa akienda kumwagilia. Kiangazi chake chote cha mwisho nilimfungia mlango saa ya kumwagilia.

Jumamosi tulimfukua Datius. Tulimfunga katika lubugo, nguo ya magome ya mti, kama wazee wetu walivyofungwa, tukamlaza kibanjani kando ya mama yake. Katekista alisali. Tawi la omulamula nimelipanda katikati yao. Kisha nililitaja jina lake kwa sauti, Datius, mwanangu Datius, nikasikia sauti yangu kama ya mtoto anayejifunza kusoma.

Lile komeo nililiweka mimi. Wewe hukuliweka, wala usilibebe tena. Nimeling'oa.

Bado nameza kidonge kimoja, kwa kuwa umesema kwamba mwili una haki yake. Jumamosi ijayo nitapanda basi nije Bukoba. Sijui kama magoti yangu yatakubali mkeka, lakini nitajaribu.

Kwa kuwa humwambii mtu kwamba anachokisikia hakipo, nitakuambia na hili. Maji bado yanapita. Jana yalianzia jikoni, yakapita chini ya dirisha. Hayakwenda rweya. Yalisimama kibanjani, nikasikia yakimwagwa, polepole, mpaka yakaisha. Asubuhi nilikwenda kutazama. Udongo ulikuwa mkavu.

Leo nimechota maji mwenyewe. Nimejaza kibuyu kipya na kukiweka jikoni, mahali pale pale mama yako alipozoea kuchukua chake. Jua linakaribia kuzama. Mlango nimeuacha wazi.

Ni mimi,
Tata