Kijiti cha Wimbo wa Nne

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usinitaje, ingawa nikijisoma gazetini nitajijua, na nadhani hiyo nayo ni adhabu.

Sisi ni bendi ya roki ya watu watatu, hatuna kampuni wala meneja, mimi naimba na kupiga gitaa, muuguzi mmoja wa zahanati anapiga besi, na drams anapiga shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi viatu tunayemwita Nyundo, tena ndiye aliyeianzisha bendi, ndiye aliyenifundisha hata kuhesabu mapigo, na kwa miaka sita tumefanya mazoezi nyuma ya kibanda chake tukiwa tumetundika magodoro chakavu ukutani ili majirani wasituchoke. Mwaka huu, baada ya kuhangaika na wimbo mmojammoja, tumemaliza albamu yetu ya kwanza kamili, nyimbo kumi, na hapo ndipo nilipofanya nililofanya.

Nyundo ana tatizo moja, kiitikio kikikaribia anakimbia, furaha inamzidi mikono inamtangulia, sisi tumezoea na tunakimbia naye, lakini tulipomaliza kurekodi fundi wa studio aliniita pembeni akasema, "Kaka, huyu jamaa atawaangusha. Nina mpigaji wangu, anazirudia zote kwa siku mbili na hakuna atakayejua," nami, mshauri, sikubisha hata kidogo, nilisema tu, "Fanya," halafu nikamdanganya Nyundo kwamba studio imefungwa wanatengeneza mitambo. Kwa hiyo albamu nzima haina pigo lake hata moja, na jalada lina jina lake.

Kilichonimaliza ni Jumapili iliyopita. Siku tuliyorekodi wimbo wa nne, kijiti kilimponyoka Nyundo kikagonga sakafu, akamalizia kwa kijiti kimoja na kiganja, hatukusimama, na ikawa ndiyo mara tuliyoupiga vizuri kuliko zote, na hadithi hiyo alishamsimulia mama yake mpaka mama ameikariri. Basi Jumapili akamletea albamu, nami nipo palepale sebuleni kwa mama mkwe nimekaa kwa adabu zangu zote. "Sikiliza mama, kinaanguka sasa hivi," akasema, mama akaisogelea spika, akasubiri, wimbo ukapita, ukaisha. "Mwanangu, mbona sijakisikia?" Nyundo akasema, "Wamekisafisha, mama," akanitazama, akaenda kunawa mikono. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa mtangazaji wa redio amezisifu drams kuliko kitu kingine chochote, wateja wanampongeza Nyundo kibandani, na yeye wiki hii hajaja mazoezini, anasema ana viatu vingi vya shule. Uzinduzi ni wiki mbili zijazo. Namshukuru Mungu hajajua. Mke wangu hajui, muuguzi hajui. Naona haya hata kula meza moja nao. Je, ninyamaze nisije nikaivunja bendi na familia, au nimwambie baada ya uzinduzi, mambo yakitulia?

Shemeji Asiye na Uso

MSHAURI ANAJIBU

Uso unao, shemeji, ndiyo maana unaona haya. Ungekuwa huna, usingeniandikia.

Ila nani kakuambia hajajua? Fundi viatu anakitambua kiatu alichokishona hata kikipita ng'ambo ya barabara, ashindwe kuutambua mkono wake? Kasikiliza nyimbo kumi, hajakimbia hata mara moja, na kijiti chake hakijaanguka. Alijua palepale sebuleni, akakusitiri mbele ya mama yake. Hivyo viatu vya shule ndilo jibu lake.

Nakuhurumia, kweli. Miaka sita nyuma ya kibanda, mlango umefunguka kidogo, halafu mtu mwenye mitambo anakuambia mmoja wenu hatoshi, wengi wangeyumba. Lakini ungeweza kumwita Nyundo arudie, na hukumwita. Ulitaka albamu nzuri, na ulitaka shemeji asikukasirikie. Umemwondolea kazi yake ukamwachia sifa za mwenzake, na kila mteja anayempongeza anamchoma upya. Halafu unataka kungoja mambo yatulie! Yatulie kwa nani?

Kesho asubuhi, akiwa anafungua kibanda, uwe umefika. Usimtume mke wako na usibebe zawadi. Sema, "Nilikutoa kwenye albamu, na nikakudanganya," na usiweke "lakini" nyuma yake. Fundi wa studio mwache alipo. Yeye alipendekeza, aliyesema "Fanya" ni wewe. Nyundo akikutukana, pokea. Akitaka uzinduzi usogezwe, usogezwe. Mke wako mwambie siku hiyohiyo, kabla hajasikia kwa kaka yake, na muuguzi naye aambiwe. Na yule aliyepiga aandikwe jina, katoka jasho bure huyo. Njia ya mwongo ni fupi, baba, na yako imeishia sebuleni kwa mama mkwe.

Kisha kaitafute ile rekodi ya mwanzo. Mafundi wa studio hawatupi kitu. Nyundo akiridhia, wimbo wa nne utoke kama mlivyoupiga, na mbio zake na kila kitu. Uupeleke kwa mama mkwe wewe mwenyewe, ukae kwenye kiti kilekile, mbele ya mama na mwanawe, na usiinuke mpaka kijiti kianguke.