Jasho la Bwawa

Jumapili, 1 Februari 1976

Buku la ofisi lina mistari ya namba tu. Hili ni langu, la maneno. Uledi, dereva wa lori la mahindi, kaniletea kutoka Sumbawanga.

Tangu Novemba mimi ndiye mpimaji wa bwawa. Mimi Cornelia, niliyejifunza kuandika jina langu ukubwani, kwenye kisomo! Kila asubuhi nasoma kwanza mti wa namba uliosimama majini. Halafu nashuka nyuma ya tuta, chini kabisa, penye mawe. Natega debe, natazama saa ya mkono ya ofisi mpaka lijae.

Tuta la udongo lazima litoe jasho, ndivyo alivyonifundisha Bwana Mbonile, fundi wa Idara ya Maji. Mtu wa Tukuyu huyo, ana sauti ya mwalimu wa kwaya. Jasho likiwa safi, tuta ni zima. Likiwa na tope, piga rimu la gari, kengele yetu, watu wapande shuleni.

Leo mti: mita 1.80. Debe: dakika tatu. Safi.

Jumatano, 4 Februari

Mvua siku ya tatu. Mwaka juzi mvua kama hii ingekuwa imeshaingia jikoni. Ndio kwanza tulikuwa tumehamishwa kutoka milimani, tumepangwa huku bondeni nyumba themanini na nne, na mto ukabeba tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mama mkwe. Alitoka na kuku mmoja kwapani.

Ndipo tukajenga bwawa. Kiangazi kizima, karai kwa karai, mpaka utosi ukaota sugu. Sasa mto unafika pale unatulia, unatoka kwa bomba kidogo kidogo. Mama mkwe kajenga palepale pa zamani. Nimemwuliza haogopi? Kasema tuta lile nusu yake kalibeba yeye kichwani, aliogope kwa nini.

Mti: 2.10. Debe: dakika nne na nusu. Jasho linapungua!

Jumatatu, 9 Februari

Mti 2.50. Debe dakika saba! Nimepima mara mbili, nikidhani saa imelala.

Mwenyekiti Eustaki kafurahi kama kapewa ng'ombe. Ati kijiji chenye bwawa lisilovuja ni mfano kwa wilaya nzima. Kaniambia niandike ofisini. Nimeandika kwa herufi zangu nzuri: "Ndugu fundi, bwawa linapona." Namba zote nimezipanga chini. Barua kachukua Uledi.

Najisikia mtu. Alois, mume wangu, yuko Kasanga anapakia mizigo bandarini. Laiti angeiona barua ile!

Alhamisi, 12 Februari

Maharage yametoa maua. Mazuri sana, yale ya intumba za nyuma ya tuta.

Tulizipiga mapema Januari, sisi akina mama kumi na wawili. Mfipa akiona nyasi ndefu na udongo laini, mikono inamwasha. Unafyeka, unarundika nyasi, unazifunika udongo, fungu la duara: hiyo ndiyo intumba. Juu unapanda maharage, mwakani unalisambaza unapanda ulezi. Na pale nyasi zilinifika kifuani! Tulianza pembeni. Mama mkwe akasema utamu wote uko penye unyevu, tukasogea mpaka tukafunika mawe yenyewe. Niliacha kitundu cha kutegea debe tu.

Mti: 2.70. Debe: dakika kumi na moja. Mama mkwe anasema bwawa limekata kuhara. Nimecheka mpaka debe likaniponyoka.

Jumamosi, 14 Februari

Sijui nianzie wapi.

Saa nne lori la Uledi likasimama, akateremka Bwana Mbonile. Uji hakugusa. Akaniomba buku la ofisi, akapitisha kidole kwenye namba. Akauliza: ndugu Cornelia, maji yanapanda, jasho linapungua — hayo mengine yanakwenda wapi?

Nikachukua debe langu.

Tukaenda nyuma ya tuta. Kuona zile intumba akavua kofia. Akapanda ubavu wa tuta polepole, anakanyaga, anasikiliza kwa mguu. Usawa wa kiuno kutoka chini, buti likazama. Pamelowa! Pale ambapo tangu mwanzo palikuwa pakavu. Maji yamezibiwa mlango, yanatafuta dirisha. Yakilipata, kasema, tuta litalika kutoka ndani, na nyumba ya kwanza ni ile pale. Akanyoosha mkono kwenye paa la mama mkwe.

Nikamwambia kweli. Nilipiga intumba na wenzangu, kwa jembe langu, na nikaandika bwawa linapona. Nikalia, mtu mzima. Akaniambia: "Umekosea maneno, ndugu yangu. Namba hujakosea. Ungeandika dakika tatu kila siku ili kupendeza, ningekuwa bado mjini nakunywa chai."

Akafungua koki ya bomba yote. Bwawa linashuka, lakini kwa hatua za konokono, na mbingu ni nyeusi. Mawe lazima yafunuliwe kesho. Intumba zote ziondoke, na maharage yake.

Kikao cha kijiji kikawaka. Eustaki alikuwa bado anamweleza fundi habari za mfano wa wilaya. Akina mama wakanuna. Mama mkwe akasimama: mvua imekula mahindi, maharage yale ndiyo chakula cha Aprili, na anayeyang'oa amng'oe na yeye. Hata Mbonile alitazama chini.

Nikapiga magoti mbele yake, nikapiga makofi taratibu kama adabu inavyotaka. Nikasema: Mama, wewe umeuguza watu wengi. Mgonjwa wa homa akiacha kutoka jasho na mwili bado unawaka, unasema amepona?

Akasema, "Huyo unamwandalia sanda."

Kisha akaketi. Akauliza kesho tunaanza saa ngapi.

Jumapili, 15 Februari

Naandika shuleni, kwenye dawati. Kijiji kizima kiko huku juu, na kuku, na mbuzi wawili wameingia darasa la pili.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Katekista Clemens kasalisha palepale bondeni, sala fupi, jembe lake limeegemea mguuni. Mbonile akakataza majembe kukaribia mawe. Mikono tu! Wanaume walibeba mchanga, kokoto na mawe, wakatandika pale palipolowa kwa mpangilio huo huo, ili maji yapite na udongo ubaki. Sisi tukabomoa intumba. Mama mkwe alitangulia. Kang'oa mche wa kwanza yeye mwenyewe, kavunja majani, katia kwenye kikapu. Leo kila sufuria hapa inachemsha majani ya maharage.

Saa tatu na nusu jiwe la mwisho likafunuliwa. Maji yakaruka! Debe likajaa kabla sijatazama saa. Tukapiga vigelegele — na vikatufia mdomoni. Maji rangi ya komoni, pombe yetu nzito, tope tupu.

Mbonile mwenyewe ndiye aliyepiga rimu. Tukapanda.

Katueleza akina mama bila kuficha. Inawezekana ni udongo wa intumba unaosafishwa kwenye mawe. Hapo maji yatang'aa kidogo kidogo. Inawezekana ni udongo wa tumbo la tuta. Hapo hayatang'aa. Tutachota chupa kila saa. Kaandika kwenye kipande cha boksi, herufi kubwa nne, kila moja nyembamba kuliko iliyotangulia: SAFI. Kakisimamisha dirishani. Chupa inasimama mbele yake, na sisi tunasoma kupitia maji.

Nikachagua kuchota mimi. Mbonile alitaka kwenda, nikamwambia buku ni langu.

Saa nne. Hakuna herufi. Komoni tupu.

Saa tano. Hakuna.

Saa sita. Kama kuna weusi weusi nyuma ya chupa. Eustaki anaona herufi zote nne, lakini yeye ni mwenyekiti. Mti umeshuka: 2.62. Sentimita nane tangu jana, asante koki.

Saa saba. Mvua ya nusu saa. Nilipokuwa kule chini peke yangu niliweka kiganja kwenye tuta, palipotandikwa mawe. Pamesimama. Hapajavimba. Niliongea nalo kidogo, siandiki nilisema nini.

Saa nane. S! Kila mtu kaiona, hata Uledi aliyesema macho yake ni ya barabarani tu. Debe: dakika mbili.

Saa tisa. S, na A yake. A ina ukungu miguuni, lakini ni A. Mbonile kakaa chini kwa mara ya kwanza leo, kaomba uji. Nikamwuliza, ni intumba basi? Kasema bado, ndugu mpimaji, bado, mpaka I. Ila uji kamaliza, kaongeza.

Saa kumi. Nimeweka chupa sasa hivi. Mbingu upande wa Laela imepasuka kidogo, kuna mwanga. Mama mkwe kasogeza kigoda mpaka dirishani. Huyu mama alikataa kisomo miaka yote, ati herufi ni kazi ya watoto wa shule. Sasa pua yake inakaribia kugusa chupa.

"Ile ya tatu ndiyo ipi, mwanangu?"

Nikamwambia ni F, mama. Fimbo imesimama, na mikono miwili upande mmoja.

Kakunja macho. Darasa zima limesogea nyuma yake, hata mbuzi.

"Naiona," kasema.

Mimi bado siioni, na kwenye buku la ofisi naandika S na A tu. Nachukua chupa tupu, nashuka tena.