Dereva wa Mwinjuma

Jumamosi, 6 Julai 2024

Misima. Nimekwama ukweni. Bado hapajawa ukweni — ndiyo shida yenyewe!

Leo mjomba Hiza na mzee mwenzake wamekuja kuposa. Mwoaji ni mimi. Mwoaji haendi kwenye posa yake, hata mtoto analijua hilo. Lakini pikapu yangu haimtii mtu mwingine, na wazee wamekataa kupanda bodaboda na makoti yao. Mjomba akaamua: endesha wewe, vuta kofia machoni, leo wewe ni dereva tu. Watu wa huku hawajawahi kuniona. Munira mwenyewe tulijuana Korogwe alipokuwa anajifunza ushonaji.

Posa imepokelewa, jibu Ijumaa. Wakati wa kuondoka nawasha — moshi mweupe uwanja mzima! Kuku hawaonekani. Mshale wa joto ulianza kupanda tangu Kwamndolwa, nikaupuuza kwa sababu ya mapenzi. Wazee wameondoka kwa bodaboda hivyo hivyo, makoti yanapepea. Mjomba kaniambia nibaki na gari, nisiharibu mambo.

Nisiharibu!

Jumapili, 7 Julai

Uchunguzi. Nimefungua rejeta, nikawasha: maji yanatoa mapovu kama sufuria ya ugali. Nimechomoa kijiti cha oili: chai ya maziwa. Hakuna ubishi, gasketi ya silinda hedi imekwisha. Maji na oili vimeoana bila posa.

Nilivaa ovaroli niliyoazima kwa jirani yangu wa Korogwe. Kifuani imeandikwa jina lake, HABAKUKI. Mzee Ukasha, baba yake Munira, kalisoma herufi kwa herufi. Kasema karibu Habakuki, sisi ni Waislamu lakini hapa ni kwenu, usiogope. Ningekanusha ningesema mimi nani? Nikasema asante, mzee.

Adhana ya adhuhuri ikaita. Miguu ikaenda yenyewe! Nikajifanya natafuta spana. Nimeswali ndani ya pikapu, nimejikunja.

Jumatatu, 8 Julai

Nimeifungua hedi, kifuniko cha juu cha injini. Gasketi imeungua katikati ya silinda mbili, kama mkate uliosahauliwa jikoni. Hedi nimeituma Korogwe kwa basi, kwa fundi Godlisten, ikasawazishwe.

Munira kaleta uji. "Kaka Habakuki, karibu uji." Kacheka mpaka kakalia ndoo ya maji. Mama yake, Bi Hamisa, kamkemea: usimcheke mtoto wa watu, bosi wake kamtelekeza. Kisha kaanza kunisema mbele yangu! Mwanaume gani huyo Mwinjuma, anaacha gari na dereva kwa watu, hata simu hapigi? Nikasema labda kazi zimembana, mama. Kasema usimtetee, ndiyo maana anawaonea.

Nimeumia. Nampenda Munira kweli. Nikinyimwa, sioi mwingine. (Nimewahi kusema hivyo huko nyuma, lakini safari hii ni kweli.)

Jumanne, 9 Julai

Wazo la Munira: Mwinjuma apige simu. Nimejificha migombani, nikampigia mzee kwa sauti nzito. Mambo yakaenda vizuri! Nimeomba radhi, nimeulizia afya, nimeulizia hata mbuzi. Mzee kafurahi. Kasema ngoja nikupe dereva wako umpe pole. Akaanza kutembea. "Habakuki! We Habakuki! Bosi wako huyu!" Anakuja migombani, simu sikioni!

Nimekata.

Jioni Bi Hamisa katangaza mpaka kwa majirani: kusikia tu anapewa dereva, kakata simu. Hana utu.

Alhamisi, 11 Julai

Godlisten kafika na hedi na gasketi mpya. Kashuka tu: "Mambo vipi, Mwin—" nikamkanyaga mguu. Nimemweleza kila kitu tukiwa chini ya gari. Alicheka mpaka akagonga kichwa.

Mzee katusaidia kukwangua mabaki ya gasketi ya zamani. Boliti unakaza za katikati kwanza, kidogo kidogo, unaelekea pembeni. Yeye alitaka kuanzia pembeni, kama anafunga mzigo wa kuni. Godlisten kamkatalia kwa adabu, mzee hajanuna.

Chakula cha mchana. Godlisten, shetani yule, kasema Habakuki atuombee. Mzee kainamisha kichwa kwa heshima! Nimeanza na Bismillah, nikaigeuza kikohozi katikati. Sijui nimesema nini. Nimemshukuru Mungu kwa mihogo, na haikuwepo.

Jioni tumetoa upepo kwenye njia ya dizeli, nimewasha. Imekubali! Moshi hakuna, mapovu hakuna. Bi Hamisa kapiga vigelegele. Godlisten kaondoka anacheka peke yake barabarani.

Mzee kaniita pembeni. "Nikwambie kama mwanangu. Yule bosi wako tumemkataa. Wewe je, una mke?"

Sina, mzee.

Kasema nimevumilia, nimechota maji bila kutumwa, sijamsengenya bosi wangu hata mara moja. Bi Hamisa kaafiki. Munira kaulizwa, kasema wazazi mkipenda. Muongo yule! Shida ni dini tu. Mzee kaniuliza kwa sauti ya chini kama nimetahiriwa. Nimesema ndiyo. "Basi kazi kubwa imeisha." Kesho, kabla ya swala ya Ijumaa, nisilimishwe.

Nimekataliwa na kuposwa papo hapo! Nilifungua mdomo niseme ukweli. Kikatoka: nashukuru, mzee.

Ijumaa, 12 Julai

Niko ndani ya pikapu, injini inanguruma. Najifanya naandika mambo ya injini. Kanzu ya mzee inanifika magotini. Shehe yuko kwenye mkeka. Asubuhi mzee kanifundisha kutawadha, kasifu wepesi wangu wa kushika. Nimeona aibu mpaka basi. Mtu mwema hivi, nami namdanganya huku ananimiminia maji miguuni! Nimeamua: nikishuka hapa namwambia.

Mjomba Hiza huyo, na koti lake! Kaja kuchukua jibu. Mzee kamkaribisha kwenye mkeka: jibu baadaye, kwanza shuhudia jambo la heri, dereva wenu anasilimu. Mjomba kanitazama. Ndiye aliyenipeleka madrasa, kwa fimbo, miaka yote.

"Huyu?"

"Huyu huyu," kasema mzee. "Mwepesi sana wa kushika."

Shehe kaniita. Nimechagua jina gani la Kiislamu? Kabla sijajibu, Munira kasema kutoka jikoni kwamba Mwinjuma ni jina zuri.

"Lolote," kafoka Bi Hamisa, "lakini si hilo!"

Mjomba kakaa chini, nje ya mkeka, na koti lake. Wote wananitazama. Nazima injini.