Kiuno cha Mama Mkwe

Nasike, wacha tu! Bro yangu Wepukhulu ameaibika leo hapa kwa duka yake ya kushona, Kambi Muru.

Si unajua haandikangi vipimo? Zote anaweka kwa kichwa. Alikuwa na makasi, anakata kitenge cha mama mkwe wa Valerie, kiuno inchi arubaini na mbili. Valerie, bibi harusi mwenyewe, akamuuliza, "Na mimi ulinipima ngapi?"

Akajibu, "Thelathini."

Thelathini! Na hapo hapo akakata kitenge cha mama kwa hiyo thelathini, mama akiangalia!

Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na gauni la harusi, ulilikata ukiwaza kiuno cha nani?"

Harusi ni kesho. Wepukhulu ameshika tepu hadi sai, anaogopa kulipima.