Fimbo ya Mwanzi Uliopasuliwa

Baba Ostina,

Nimevua samaki. Naanza na hilo kwa sababu najua usingeamini, mimi mtoto wa milimani Mbuji niliyeogopa hata maji ya magotini.

Ni mwezi wa kumi na moja sasa tangu uanguke pale shuleni, chaki ikiwa mkononi. Ostina yuko Songea, anasomea ualimu kama wewe. Maharage kwenye ngolo za juu, yale mashimo yetu ya mlimani, yamekubali. Nyumba ndiyo haijakubali. Bado nasonga ugali wa watu watatu.

Juzijuzi nilishusha darini ule mfuko wako wa turubai. Uliwahi kusema ni kitu cha mzee, nami sikuuliza zaidi. Unakumbuka siku niliyochukua kipande kimoja nikafukuzia kuku? Ulikitoa mkononi mwangu taratibu, ukakipangusa kwa shati lako, ukaenda nacho ndani. Heri ungenigombeza, ningejua.

Nikaona kama ni cha baba yako, basi kirudi kwao. Nikapanda gari la asubuhi hadi Mbamba Bay kumkabidhi mdogo wako, Kastori.

Shemeji alikaa barazani akavitoa vipande vitatu vya fimbo ya kuvulia, kimoja kimoja. Akanipa kile chembamba. "Pitisha kidole, shemeji. Hesabu pande."

Nikahesabu sita. Miaka yote nilidhani ni mwanzi mzima uliopakwa vanishi! Akanionyesha mistari myembamba kama unywele: mwanzi umepasuliwa, kila ufito umechongwa pembe tatu, kisha sita zikagundishwa pamoja, ganda gumu likabaki nje. Penye kila kijiringi cha kupitishia mshipi pamefungwa uzi mwekundu wa hariri. Mpini ni wa gome laini kama kizibo cha chupa, umechimbika mahali pa kidole gumba. Padri aliyempa mzee fimbo hii, Kastori alisema, alishika hapo, mzee akashika hapo, kisha wewe. Nikaweka kidole changu. Kikazama, na nafasi ikabaki.

"Kaka alisema atakuleta uishike," Kastori akaniambia. "Kila likizo alisema."

Kila likizo ulinialika ziwani, na kila likizo nilikuwa na kahawa ya kuchuma, au wageni, au kazi ya jumuiya. Nilidhani unataka tu nikusindikize kwenu.

Kesho yake asubuhi shemeji alinipeleka kwenye mawe. Akanifundisha kuunga vipande: viungo vya shaba havizungushwi, vinasukumwa moja kwa moja, na vijiringi vyote vikae mstari mmoja. Akatia dagaa kwenye ndoana. Mimi nikarusha kama anayetupa jiwe, ndoana ikanasa kwenye kanga yangu mwenyewe. Kastori alicheka hadi akakaa chini.

"Huu si mti wa kutumia nguvu. Peleka nyuma, usubiri mshipi unyooke, halafu mbele."

Nikasubiri. Mara ya sita au ya saba mshipi ukaenda mbali, ukatua.

Samaki alipokuja, fimbo iliinama toka ncha hadi karibu na mkono wangu. Nikamsikia kiganjani, kila alipotikisa kichwa. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka shemeji akamtoa majini. Mbufu, ndivyo wanavyomwita huko. Si mkubwa, wa kutosha chungu kimoja.

Nikageuka kukuonyesha.

Niligeuka kabisa, Baba Ostina, jina lako liko mdomoni. Kulikuwa na mawe tu, na nguo za watu zimeanikwa. Nikakaa nikalia. Siku ya mazishi sikulia hivyo, siku ile kulikuwa na watu wa kulisha.

Wakati wa kuondoka, fimbo ilikuwa imeshawekwa chumbani kwa Kastori. Nilifika mlangoni, nikarudi. Nikasema haraka, kabla aibu haijanishika: "Shemeji, nilikuja kuirudisha. Siwezi."

Akaenda kuileta.

"Basi usiiegemeze ukutani, itapinda. Itundike. Na ikilowa, ikauke kwanza kabla hujaitia mfukoni."

Imetundikwa chumbani, upande wako. Uzi wa hariri umefunguka mahali pamoja, nitaufunga upya mwenyewe. Ostina akifunga chuo tutateremka naye ziwani, nimfundishe nilichofundishwa. Hilo nakuahidi, na safari hii hakuna kazi itakayonizuia.

Jumapili baada ya misa nitakuja kung'oa majani yaliyoota juu yako. Siku hizi sikimbilii kazi, natembea polepole, usishangae nikichelewa.

Mkeo,
Mama Ostina